Gari la Mtumba Likirudi Gereji Mara ya Tatu: Haki Zako ni Zipi?

Huku kwetu Matsangoni gari si pambo. Tuko kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, na mtu akinunua gari mara nyingi amelinunua lifanye kazi: litoe samaki Uyombo liwafikishe sokoni, libebe abiria kati ya Kilifi na Gede, lipakie maembe na nazi msimu ukifika. Pesa zake hutoka kwenye akiba ya miaka, mkopo wa sacco, chama cha kina mama, au kipande cha shamba kilichouzwa. Kwa hivyo gari likiharibika mwezi wa kwanza, likatengenezwa, kisha likaharibika palepale tena, kinachokwama ni riziki ya nyumba nzima.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: nimenunua gari la mtumba yadi, nikapewa dhamana, kasoro ni ileile kila siku, na muuzaji kila nikienda ananiambia niliache atalitazama. Je, naweza kulirudisha nikapewa pesa zangu?

Jibu fupi: Kenya haina sheria maalumu inayosema gari likitengenezwa mara kadhaa bila kupona, mnunuzi arudishiwe pesa. Lakini mnunuzi hakuachwa mikono mitupu. Sheria tulizonazo zinampa haki kubwa kuliko ile karatasi ya dhamana ya yadi. Mara nyingi kinachomwangusha ni mambo mawili: kukawia, na kukosa maandishi.

Wenzetu wanaiita sheria ya limau

Wamarekani huliita gari la namna hii limau: nje linang'aa, ukilionja ni ukali mtupu. Jimbo la Connecticut lilipitisha sheria ya kwanza ya limau mwaka 1982, kwa magari mapya, na majimbo mengine yakafuata. New York ikaongeza yake ya magari yaliyotumika mwaka 1984. Huko muuzaji wa magari hulazimika kutoa dhamana ya maandishi, na muda wake hutegemea maili ambazo gari limekwenda: siku 90 kwa lililotembea kidogo, 60 kwa la wastani, 30 kwa lililotembea sana. Kasoro ileile ikirekebishwa mara 3 isipone, au gari likikaa gereji jumla ya siku 15 ndani ya muda wa dhamana, mnunuzi ana haki ya kudai pesa zake.

Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2015 humpa mnunuzi siku 30 za kukataa bidhaa mbovu aliyouziwa na mfanyabiashara. Siku hizo zikipita, muuzaji ana nafasi moja tu ya kutengeneza au kubadilisha. Asipofaulu, mnunuzi anaweza kuikataa. Afrika Kusini, kwa sheria yao ya 2008, mnunuzi ana miezi 6 ya kurudisha bidhaa yenye kasoro. Ikitengenezwa na kasoro ikarudi ndani ya miezi 3, muuzaji hubadilisha au hurudisha pesa.

Sheria zote hizi zinafanana kwa jambo moja: zinahesabu. Zinahesabu siku, na zinahesabu safari za gereji. Sisi hatujahesabiwa na sheria, basi lazima tujihesabie wenyewe.

Sheria za Kenya zinasemaje

Ya kwanza ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaokubalika, haki ya kupewa maelezo anayohitaji, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa.

Ya pili ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Ni ya zamani, tangu enzi za ukoloni, lakini ingali na nguvu. Kifungu cha 16 kinaweka masharti ndani ya mauziano hata kama hayakuandikwa popote. Ukimweleza muuzaji gari unalitakia kazi gani, ukategemea ujuzi wake akuchagulie, gari lazima lifae kwa kazi hiyo. Na ukinunua kwa mtu ambaye biashara yake ni magari, gari lazima liwe na ubora wa kuuzika. Gari la mtumba halitarajiwi kuwa kama jipya. Umri wake, bei yake na kilomita zake huangaliwa. Hata hivyo, gari linalokata gia kila likipata joto si "uchakavu wa kawaida".

Kuna tahadhari moja hapo. Ukilikagua gari kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulitakiwa kuifichua. Bodi iliyobonyea uliiona. Ugonjwa ulio ndani ya gia boksi ni jambo jingine.

Ya tatu ni Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa, Namba 46 ya mwaka 2012. Kifungu cha 5 kinasema muuzaji anachukuliwa kuwa ametoa dhamana kwamba bidhaa ina ubora wa kuridhisha, na maneno yoyote ya mkataba yanayojaribu kuifuta dhamana hiyo ni batili. Lisome tena jambo hili, ndugu yangu. Yale maandishi ya chini ya risiti, kwamba gari limeuzwa jinsi lilivyo na pesa hazirudishwi, hayawezi peke yake kukunyima haki uliyopewa na sheria.

Sheria hiyohiyo inakataza udanganyifu wa kibiashara, ukiwemo kusema gari limetumika kidogo kuliko ukweli, au kunyamazia jambo kubwa kwa nia ya kupotosha. Mnunuzi aliyeingia mkataba kwa udanganyifu anaweza kuuvunja kwa kutoa taarifa ndani ya mwaka mmoja. Kilomita zilizorudishwa nyuma zimo humu. Gari lililopinduka likanyooshwa na kupakwa rangi, na muuzaji akijua, pia limo.

Ina sehemu nzima ya matengenezo ya magari pia. Fundi wa biashara anatakiwa kukupa makadirio ya gharama na kupata idhini yako, na spea mpya alizoweka pamoja na kazi yake vina dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, linalotangulia. Kwa hivyo hata gari lako likiwa nje ya dhamana ya yadi, kazi iliyofanywa mwezi jana ina dhamana yake.

Tofauti ya sharti na dhamana

Mawakili hutenganisha maneno haya mawili, na kwenye tofauti hiyo ndipo wengi huangukia. Sharti likivunjwa, unaweza kulikataa gari na kudai pesa zako zote. Dhamana ikivunjwa, unabaki na gari, unadai fidia tu.

Ubora wa gari ni sharti. Lakini ukishalikubali gari, sharti hilo hushuka likawa kama dhamana. Kulikubali si lazima useme. Ukikaa nalo muda mrefu bila kumwambia muuzaji unalikataa, au ukaendelea kulitumia kama mwenye mali aliyeridhika, sheria inahesabu umelikubali. Ni muda gani? Sheria inasema muda wa kiasi, na hakimu ndiye huupima. Anayelalamika kwa maandishi wiki ya pili yuko pazuri. Anayenyamaza miezi minane, akiligongesha kila siku Mombasa na kurudi, atapata fidia akijaliwa, lakini pesa zote asizitegemee.

Ukinunua kwa mtu binafsi

Ulinzi mwingi nilioutaja ni dhidi ya mfanyabiashara. Ukinunua kwa mwalimu anayeuza gari lake moja, sharti la ubora wa kuuzika halimgusi. Utabaki na hoja chache: kwamba gari silo lile alilolieleza, kwamba alikudanganya, au kwamba halikuwa lake kuuza. Ndiyo sababu bei ya mtu binafsi huwa chini, na ndiyo sababu dalali anayeuza magari kila wiki hupenda kujifanya anamuuzia "ndugu yake". Uliza gari liko kwa jina la nani, na pesa zinaingia akaunti ya nani.

Siku zinazopotelea gereji

Jirani yangu mmoja alinunua gari la abiria kutoka yadi fulani, dhamana miezi 3 ya injini na gia boksi. Wiki ya pili gia zikaanza kugoma kila gari likipata joto. Akalirudisha, likakaa siku 9. Likatoka, likaenda wiki mbili, gia zikagoma tena. Likakaa siku 16. Safari ya tatu likakaa siku 12. Alipokwenda mara ya nne akaambiwa, "Mzee, dhamana imekwisha Ijumaa."

Piga hesabu. Katika miezi 3, gari lilikaa mikononi mwa yadi siku 37. Mkopo wa sacco haukusimama hata siku moja. Na aliponiomba tuandike barua ya madai, karatasi aliyokuwa nayo ilikuwa risiti ya kununulia tu. Kila safari aliacha ufunguo, akapigiwa simu, akaenda kuchukua gari. Yadi ilisema ililiona gari mara moja, na kwamba safari nyingine lilikwenda "kuoshwa na kuangaliwa". Aliliuza kwa hasara.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jirani yangu alikuwa na kasoro ya kweli, muuzaji wa biashara, na sheria upande wake. Alichokosa ni daftari.

Dini yetu ililijua jambo hili zamani

Kwa msomaji Mwislamu, haya si mageni. Fiqhi ina khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwepo kabla ya mauziano na iliyofichika kwake, ana hiari ya kurudisha bidhaa na kuchukua pesa zake, au kukaa nayo. Kwa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu pwani, haki hiyo ni ya papo hapo. Ukishaijua kasoro, ukaendelea kumpanda mnyama uliyeuziwa kama si kitu, umeipoteza. Tazama inavyokaribiana na ile kanuni ya "kulikubali gari".

Kuna pia mafunzo ya Mtume (SAW) kuhusu mnyama anayeachwa siku kadhaa bila kukamuliwa ili mnunuzi aone kiwele kimejaa. Mnunuzi alipewa siku 3 za kuamua, na akimrudisha mnyama arudishe na kiasi cha tende kwa maziwa aliyokunywa. Kiwele kilichofungwa na kilomita zilizorudishwa nyuma ni ujanja mmoja.

Hata hivyo usiipeleke kesi hii kwa Kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba kimeiwekea Mahakama ya Kadhi mipaka: hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Kadhi au imamu anaweza kuwasuluhisha mkikubaliana, lakini hukumu ya gari hutafutwa kwingine.

Ufanye nini kasoro ikianza

1. Toa taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo au kesho yake. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kuanzia. Piga picha ya kilomita na taa ya onyo iliyowaka, na rekodi sauti ya injini. Usifute mazungumzo.

2. Lisimamishe gari ukiweza. Kuendelea kuligongesha kunaongeza uharibifu na kunampa muuzaji hoja.

3. Usilifunguishe kwa fundi wa mtaani kabla ya kumpa muuzaji nafasi. Karibu kila dhamana ya yadi husema ukilifungua kwingine imekufa. Ukitaka maoni ya fundi huru, apime bila kufungua, aandike alichokiona na kutia sahihi.

4. Kila ukiliacha yadi, dai karatasi: tarehe ya kuingia, kilomita, kasoro uliyoieleza. Likitoka: tarehe, kazi iliyofanywa, spea zilizowekwa. Wakikataa kuandika, andika wewe mbele yao na uwatumie kwa simu.

5. Kasoro ikirudi mara ya pili, andika barua. Si lazima wakili. Maneno kama haya yanatosha: "Nilinunua gari namba fulani kwenu tarehe fulani kwa shilingi kadhaa. Kasoro ya gia niliiripoti tarehe fulani, mkalikaa nalo siku kadhaa, na imerudi. Nawapa nafasi ya mwisho kuliondolea kasoro hii ndani ya siku 14. Likishindikana, nitalikataa gari na kudai pesa zangu pamoja na gharama." Waende nayo watu wawili, nakala ipigwe muhuri au sahihi ya mpokeaji.

6. Usisimamishe malipo ya mkopo. Mkataba wako na sacco au benki ni kando na mkataba wako na yadi. Ukiacha kulipa, dalali wa mnada atalichukua gari, na ushahidi wako utaondoka nalo. Riba unayolipa wakati gari limelala iandike. Inaweza kuingia kwenye fidia.

Ukadai wapi

Mahakama ya Madai Madogo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Inasikiliza madai ya hadi KSh milioni 1, yakiwemo ya kuuziana bidhaa, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na haibanwi sana na kanuni za ushahidi za mahakama kubwa. Mombasa ipo. Kwa sisi wa Matsangoni, ulizia kwanza masijala ya mahakama ya Kilifi au Malindi ujue pa kufungulia.

Dai likizidi milioni 1, linakwenda mbele ya hakimu wa kawaida; mahakama ya hakimu mkuu husikiliza hadi KSh milioni 20. Madai ya mkataba yana kikomo cha miaka 6, lakini nimeshaeleza kwa nini usingoje hata miezi 6.

Kwa udanganyifu wa wazi, peleka malalamiko pia kwa Mamlaka ya Ushindani, ambayo sheria yake ya 2010 inakataza kumpotosha mtumiaji. Mahakama inakupa fidia wewe. Mamlaka inamtazama muuzaji na wengine aliowafanyia.

Kabla hujalipa

Magari mengi yanayotufikia hutoka Japani na kushukia bandari ya Mombasa. Shirika la KEBS halikubali gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na ukaguzi hufanywa kabla ya kusafirishwa. Cheti hicho kinasema gari lilifaa barabarani lilipotoka kule. Hakisemi gia boksi itadumu hapa.

Omba karatasi ya mnada ya Japani. Huonyesha daraja la gari na kilomita zake, na herufi R kwenye nafasi ya daraja huashiria gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Linganisha kilomita hizo na za kwenye dashibodi, na namba ya chesisi na ya kwenye gari lenyewe. Nenda na fundi wako, si wa yadi. Liendeshe nusu saa hadi lipate joto, maana kasoro nyingi za gia hazionekani injini ikiwa baridi.

Kisha usome dhamana. "Injini na gia boksi" hakusemi kompyuta ya gari, mfumo wa umeme wala pampu ya usukani. Omba mambo matatu yaandikwe kwa kalamu na kutiwa sahihi: kwamba siku gari linapokuwa gereji kwao hazihesabiwi, kwamba kasoro ileile ikirudi baada ya kutengenezwa mara 2 utachagua kubadilishiwa au kurudishiwa pesa, na ni nani analipa gharama za kulivuta gari kutoka Matsangoni hadi yadi. Muuzaji anayeliamini gari lake hatapoteza kitu kwa kuandika. Anayekataa yote matatu amekupa habari muhimu kabla hujatoa shilingi.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alieleza kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zuri na baya, hulipa bei ya mashaka kwa yote. Mwenye gari zuri hujitoa sokoni, na mabaya hubaki. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Yadi zenye uaminifu zipo pwani, na sheria ya kuhesabu siku na safari za gereji ingezisaidia hizo kama inavyomsaidia mnunuzi. Wabunge wetu wakiitunga tutashukuru. Kabla ya hapo, nunua daftari la shilingi hamsini siku unayonunua gari, uliweke kwenye kijisanduku cha mbele, na ukurasa wa kwanza uandike tarehe na kilomita.